Kabla ya Kuuliza Mbona Kanisa Limepoa

"Mbona mmepoa leo?" Swali hilo husikika kwenye maiki za makanisa mengi ya Mwanza, kuanzia Buhongwa mpaka Pasiansi, na kwa kawaida hutoka kwenye wimbo wa pili au wa tatu. Kiongozi wa sifa ameshalowa jasho, mpiga drams yuko moto, timu inaruka mbele, lakini waumini wamesimama wanatazama tu kama abiria wanaosubiri kivuko. Hapo kukemea kunaanza. Mwambie jirani yako changamka! Kama hukuja kumsifu Mungu umefuata nini? Kuna roho ya uzito mahali hapa!

Kabla ya kukemea roho yoyote kuna mambo matatu ya kukagua, na yote yako upande wa jukwaani. Huenda wimbo uko juu mno. Huenda haujulikani. Au vyombo vimefunguliwa kiasi kwamba mtu hajisikii akiimba, na asiyejisikia huacha kuimba.

Ufunguo, yaani kimo cha sauti ambacho wimbo umepangwa kuimbiwa, ndio mkosaji mkuu. Timu nyingi hujifunza nyimbo kwa kusikiliza rekodi za YouTube, na rekodi huimbwa na mtu mmoja mwenye sauti ya juu aliyejaliwa, tena studio, akirudia mstari mpaka utoke. Kanisani kuna mama wa miaka 55, fundi seremala, mwanafunzi aliyekesha akisoma na mzee mwenye besi nzito. Kipimo kinachowafaa wote hao ni hiki: sauti ya juu kabisa ya wimbo isipite D, ile inayofuata C iliyo oktavu moja juu ya C ya kati, ya chini isishuke kupita A iliyo chini ya C ya kati. Wanaume wanaimba hivyohivyo, oktavu moja chini. E ikiguswa mara moja kwenye kilele inavumilika. Wimbo unaoning'inia kwenye E na F kwa dakika nne huwanyamazisha wanaume kwanza, halafu wanawake, na mwisho inabaki timu peke yake na maiki zake.

Tuseme rekodi inafika G juu na kugusa C ya kati chini. Ukishusha nusu toni tano, juu panakuwa D, lakini chini panaangukia G, na hapo beti zinageuka kuwa mnong'ono. Ukishusha tatu, unapata E juu na A chini: si pazuri sana, ila panaimbika. Wimbo wenye upana huo kwa kweli ni wa mwimbaji wa pekee. Mpe mtu mmoja beti, kanisa lipokee kiitikio. Na jaribio la haraka kuliko hesabu zote ni kuwaita mama mmoja wa kawaida na baba mmoja wa kawaida siku ya mazoezi, wasio kwenye timu, waimbe kiitikio bila maiki. Ukiona shingo zinanyooka na kidevu kinapanda, shusha.

Hapa kuna mtego wa kinanda. Wapigaji wengi wamejifunza kwa masikio na wanapiga kwa ufunguo mmoja tu, C au F, kisha wanabonyeza kitufe cha transpozi, kile kinachohamisha ufunguo wa kinanda kizima, kuufuata wimbo. Si aibu, kanisa linaimba. Shida inakuja wimbo unaofuata, pale kitufe kimeachwa kwenye +2 huku mpiga besi na mpiga gitaa wamerudi kwenye ufunguo uliotajwa. Sekunde kumi za kwanza zinakuwa vurugu, kiongozi anageuka nyuma, macho yanakutana, na waumini wameshatoka kwenye maombi. Dawa yake ni karatasi moja yenye herufi kubwa miguuni pa kila mpigaji: jina la wimbo, ufunguo halisi, na namba ya transpozi pembeni. Ile tabia ya kupandisha nusu toni mara tatu mwishoni nayo ina hesabu yake: wimbo ulioanza D unamalizika F, yaani kilele cha D kinakuwa F. Jukwaani panawaka moto. Kwenye viti watu wanapiga makofi kwa sababu hawawezi tena kuimba.

Sauti ya vyombo pia inapimika. Kikomo kinachotumika sana kwa wafanyakazi wa viwandani ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda salama unapungua kwa nusu: 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2, 94 kwa saa 1, 100 kwa dakika 15. Kanisa la bati lenye kuta tupu na sakafu ya vigae linafika 100 bila jitihada, na sifa za Jumapili ni dakika 30 hadi 40, na mara nyingi watoto wameketishwa mbele kabisa, hatua chache kutoka kwenye spika. Weka programu ya kupima desibeli kwenye simu, simama katikati ya waumini wakati wa wimbo mkali. Si kipimo cha maabara lakini kinatosha kumaliza ubishi. Kati ya 85 na 90 watu wanasikia vyombo na wanajisikia wenyewe. Ikipita 95 wamekuwa watazamaji.

Fundi mitambo aanze kuweka sauti ya kiongozi, kisha waitikiaji, kisha kinanda, halafu besi, na gitaa la solo mwisho. Drams kwenye jengo dogo hazihitaji maiki kabisa. Wengi huanza na drams na besi kwa kuwa ndizo zinazosisimua wakati wa kujaribu. Maneno yanakuja kutafutiwa nafasi baadaye, na nafasi imeshakwisha. Maiki ikipiga mluzi, tazama kwanza mkono wa mwimbaji: akikifunika kichwa cha maiki kwa kiganja, kama wanavyofanya kwenye video, mluzi hauepukiki hata kwa mikisa ya bei gani. Majirani nao wasisahaulike. Mwanza ni mji wa vilima na nyumba zilizobanana kwenye mawe. Spika iliyoelekezwa mlangoni inasikika kilima cha pili, na malalamiko ya kelele yanayofika kwa mamlaka za mazingira yanataja baa na nyumba za ibada kwa pamoja. Jirani Mwislamu au Mkristo wa kanisa jingine anayekosa usingizi kila Ijumaa ya mkesha ameshahubiriwa, ila si injili.

Kuhusu wimbo usiojulikana niseme kwa ufupi. Kati ya nyimbo tano za Jumapili, mpya iwe moja tu, iimbwe Jumapili tatu mfululizo, ipumzike moja, irudi. Kanisa la kawaida linabeba vizuri nyimbo 40 hadi 60 kwa mwaka, tenzi na mapambio pamoja. Timu inayochoka na wimbo wiki ya nne ikumbuke kwamba imeuimba mara thelathini mazoezini, na waumini wameuimba mara tatu.

Haya yote yanaonekana kama ufundi mtupu, na wapo watakaosema tumeanza na mitambo badala ya Roho. Lakini kiongozi anayemlaumu muumini kwa kosa la ufunguo ana tatizo la malezi, si la muziki tu. Amejifunza kudhani kwamba kazi yake ni kuleta uwepo wa Mungu, na kwamba ukichelewa kuja, kuna mtu wa kulaumiwa.

Wazo hilo lina asili yake. Mwezi Januari 1946, mhubiri wa Kipentekoste Reg Layzell, akiwa Abbotsford, British Columbia, nchini Kanada, alishikwa na Zaburi 22:3, kwamba Mungu ameketi juu ya sifa za Israeli, akaanza kufundisha kwamba watu wakisifu, Mungu huja na kukaa hapo. Mafundisho hayo yaliingia kwenye uamsho wa Kipentekoste wa Latter Rain (Mvua ya Masika) ulioanza Kanada 1948, yakasambaa dunia nzima pamoja na ule mpango tunaoujua wote: malango kwa kushukuru, nyua kwa kusifu, kisha patakatifu kwa kuabudu, nyimbo za haraka kwanza na za polepole baadaye. Kiongozi wa sifa wa Igoma anayepanga nyimbo tatu za sebene na mbili za kuabudu anafuata ramani hiyo, awe amewahi kusikia habari za Abbotsford au la.

Ramani si mbaya. Lakini soma Zaburi ya 22 kuanzia mstari wa kwanza. Mstari wa tatu tunaoupenda umeketi katikati ya kilio: mstari wa kwanza anauliza mbona Mungu amemwacha, wa pili anasema ameita mchana na hakujibiwa. Anayesema Mungu anaketi juu ya sifa ni mtu ambaye kwa wakati huo hamsikii Mungu kabisa. Tumechukua mstari tukauacha wimbo, na malezi ya viongozi wetu yamefuata kipande hichohicho. Tunawafundisha kuwasha moto. Kukaa na watu ambao moto wao umezimika hatuwafundishi.

Usukumani kuna jambo jingine linalotubana, na sijaona likisemwa sana. Bagika na Bagalu, vile vyama viwili vikubwa vya ngoma, hushindana uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa upande wake. Viongozi wa ngoma walitafuta hata dawa za kuvuta watu. Kanisani dawa tuliikataa, ila kipimo kimebaki. Timu inayohesabiwa kuwa na upako ni ile iliyofanya watu wakimbilie mbele na simu zao. Wapo waliochukua mengine kutoka kwenye ngoma: pale Bujora, karibu na Kisesa, Padre David Clement wa White Fathers alianza miaka ya 1950 kuingiza ngoma na tuni za Kisukuma kwenye ibada, na sherehe ya Bulabo ikafungamana na sikukuu ya Ekaristi mwezi Juni. Alichochukua ni mdundo, mwitikio, na ile hali ya kila mtu kuwa na sehemu yake. Hivyo ndivyo vya kuchukua. Mwitikio hasa, kwa sababu pambio la mpokezano linaloanzishwa na mtu mmoja na kudakwa na wote halihitaji kitabu, skrini wala umeme.

Malezi yenyewe yaanzie wapi? Kwenye zaburi, na kuna njia isiyohitaji chochote zaidi ya kalenda. Chukua tarehe ya leo, ongeza 30 mara nne. Tarehe 13 unasoma Zaburi 13, 43, 73, 103 na 133. Tarehe 28 unapata 28, 58, 88, 118 na 148. Zaburi 119 inaangukia tarehe 29, ila kwa kuwa ni ndefu peke yake iachie tarehe 31. Kwa mwezi wa siku 31 umezimaliza zote 150, kwa dakika kama 20 kwa siku, kwa sauti, maana ziliandikwa zitamkwe kwa mdomo. Faida yake ni kwamba huchagui. Zaburi ya 88, inayoishia gizani bila neno la ushindi, itakukuta tarehe 28 upende usipende, labda siku uliyotoka kupokea mshahara. Na ya 150 itakukuta tarehe 30 ukiwa umefiwa. Mwimbaji aliyepita hapo kwa mwaka mzima hatapata shida ya maneno akisimama mbele ya watu mia mbili wenye hali mia mbili tofauti.

Baada ya miezi mitatu ya hivyo, timu ifanye ukaguzi wa nyimbo zake. Jumapili 13 kwa nyimbo tano ni nafasi 65. Ziandike zote kwenye daftari, halafu pembeni ya kila moja jaza: anayeimba ni mimi au sisi? Anaambiwa nani: Mungu, sisi kwa sisi, au shetani? Linatajwa nini: msalaba, ufufuo, toba, Roho Mtakatifu, jirani, maskini, kazi, kifo? Matokeo hufanana karibu kila mahali. Adui zangu wamejaa, mafanikio yangu yamejaa, kuvuka kwangu kumejaa. Toba utaikuta mara mbili tatu. Jirani hayupo. Kilio kipo msibani tu, tena kwa kwaya. Kwa kuwa muumini hukariri nyimbo kuliko mahubiri, anachoimba mara 65 ndicho anachokiamini, na mchungaji anayeandaa somo kwa siku tano lakini hajui orodha ya nyimbo amewaachia wengine nusu ya mimbari.

Basi orodha itoke mapema. Jumatatu mchungaji atoe andiko la Jumapili. Jumanne kiongozi apange nyimbo na funguo na kumrudishia aone. Jumatano sauti na maneno viwekwe kwenye kundi la WhatsApp. Alhamisi waimbaji wakutane bila vyombo, dakika 45, sauti ya kwanza hadi ya nne. Ukiwa na mwalimu wa kwaya anayejua do-re-mi, mwombe aje Alhamisi hizo. Makwaya ya AIC (Africa Inland Church), Wakatoliki na Wasabato hapa Kanda ya Ziwa yana hazina ya usomaji wa nota ambayo timu za sifa zimeidharau bila sababu, na ugomvi wa kwaya na timu juu ya dakika za ibada hupungua sana pale wanapofundishana. Jumamosi vyombo viingie. Dakika 20 za neno na maombi kwanza. Saa moja ya nyimbo. Halafu dakika 20 za kitu ambacho timu nyingi hazifanyi, yaani mazoezi ya viungo vya kati ya wimbo na wimbo. Mstari wa mwisho wa wimbo wa kwanza kuingia mstari wa kwanza wa wimbo wa pili, mara tano. Ibada haiharibiki katikati ya wimbo; inaharibika kati ya nyimbo, pale kiongozi anapojaza ukimya kwa maneno.

Maneno hayo nayo yana kipimo: sentensi mbili, au mstari mmoja wa Maandiko usomwe ulivyo. Kutoka mwendo wa mapigo 130 kwa dakika kwenda 65, weka wimbo wa kati, mapigo 90 au hivi, watu wapumue. Kushuka ghafla huwaacha watu wakihema wakati wanatakiwa kuomba. Na mfungo kavu wa Jumamosi pamoja na mazoezi ya saa mbili, kisha ibada mbili Jumapili, ni njia ya uhakika ya kupasua sauti. Funga siku nyingine, au kunywa maji.

Kwa makanisa ya mwaloni, kwenye fukwe za wavuvi, na visiwani, ratiba ya wiki haitoshi, inahitajika ya mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikipanda, mitumbwi hupumzika. Mpanga ratiba wa Kayenze au Ukerewe anayeweka mkesha kwenye giza la mwezi atawapata wanawake na watoto, kisha atalalamika kwamba wanaume hawapendi maombi. Mkesha, semina ya timu na mazoezi marefu viwekwe siku zinazozunguka mwezi mpevu. Siku za giza mazoezi yawe jioni mapema kabla ya kushuka ziwani, dakika 40, bila mahubiri.

Nani aingie kwenye timu? Mambo ya Nyakati wa Kwanza 25 inataja waimbaji 288 waliofundishwa, zamu 24 za watu 12, na zamu zilipangwa kwa kura, mkubwa kwa mdogo, mwalimu pamoja na mwanafunzi. Hakuna nyota aliyechukua kila Sabato. Walawi, kwa Hesabu 8, waliingia kazini wakiwa na miaka 25, ilhali Hesabu 4 inataja 30, na wafasiri wengi wanaona ile tofauti ya miaka mitano kuwa muda wa kujifunza. Miezi sita kwetu si mingi. Katika miezi hiyo anayetaka kuimba ahudhurie mazoezi yote bila kupanda jukwaani, awe kwenye kundi la nyumbani ambalo kiongozi wake anamfahamu, na afanye kazi moja isiyoonekana: kubeba spika, kukunja nyaya, kufuta kanisa. Kukunja nyaya kunafunua mengi. Paulo alimwonya Timotheo juu ya kumpa uangalizi mtu aliyeongoka karibuni, asije akajivuna. Sisi tunampa maiki wiki ya tatu kwa sababu anapanda sauti vizuri.

Mpiga kinanda wa kulipwa ni mjadala wa kila kikao cha wazee. Kumlipa si tatizo. Nauli ya daladala kutoka Nyegezi mara tatu kwa wiki ni fedha, na mtenda kazi anastahili ujira wake. Tatizo ni pale anapojulikana na mweka hazina tu. Mtu anayepiga baa Jumamosi na kanisani Jumapili kwa miaka miwili bila hata mzee mmoja kumtembelea kwake hajalelewa na kanisa, limemkodi. Mpeni mchungaji kabla ya kumpa masharti.

Kutuza nako kunahitaji sheria iliyoandikwa. Muumini akiguswa huja mbele na noti, anaiweka mkononi mwa mwimbaji, wengine kwenye kola. Hapo hapo wimbo unabadilika: mwimbaji anarudia kiitikio kilicholeta noti. Kapu moja lenye mfuniko liwe chini ya madhabahu, mashemasi wawili wahesabu pamoja na sadaka nyingine, na mwimbaji asiguse. Likitangazwa mara moja kwa upole, jambo linaisha ndani ya mwezi. Wasioridhika ni wawili watatu, na mara nyingi hao ndio ulihitaji kuzungumza nao.

Nidhamu isifanywe kwa maiki. Kuchelewa mazoezi mara mbili bila taarifa, mtu akae Jumapili hiyo. Hilo ni la ratiba, limalizwe na kiongozi. Uzinzi, ulevi, wizi, ni la mchungaji, kwa hatua za Mathayo 18: peke yenu kwanza, halafu na shahidi, halafu kanisa. Ukichanganya makosa hayo mawili, aliyechelewa ataonekana mwenye dhambi na mwenye dhambi ataonekana amechelewa. Anayepumzishwa abaki kwenye kundi la nyumbani na mtu mmoja ampigie simu kila wiki. Wengi hawarudi kwa sababu siku walipoondolewa jukwaani walifutwa pia kwenye kundi la WhatsApp, na hakuna aliyeuliza hata wamekula nini.

Nirudi kwenye kilio, maana pwani hii ya ziwa inakihitaji kuliko sehemu nyingi. Meli ya MV Bukoba ilizama 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza. MV Nyerere ilipinduka 20 Septemba 2018 karibu na kufika Ukara, ikaua zaidi ya watu 200. Kati ya hayo kuna mitumbwi isiyoandikwa magazetini, dhoruba, injini zilizoporwa usiku. Nyumbani tunajua kuomboleza: tunalala msibani, tunapika, tunakaa kimya na mfiwa. Jumapili inayofuata mfiwa huyo anaingia kanisani na kuambiwa aruke.

Jumapili kama hiyo panga hivi. Toa nyimbo mbili za haraka. Baada ya salamu, msomaji, asiwe mwimbaji, asome Zaburi ya 13 polepole. Ina mistari sita, na katika miwili ya kwanza neno "hata lini" linarudi mara nne. Kila likifika, kanisa lirudie pamoja: "Hata lini, Bwana?" Bila kinanda. Baada ya mstari wa nne, kimya cha sekunde 30. Mtu mmoja ahesabu kwa saa, kwa sababu kiongozi asiyezoea atavunja kimya sekunde ya nane kwa kusema "haleluya". Kisha mistari miwili ya mwisho, ile ya kutumaini, isomwe na wote. Halafu utenzi mmoja wanaoujua bila kitabu, mwendo wa mapigo 60, beti zote, besi za kiume zianze. Jumla ni dakika kumi. Linaloharibu ni kupanda sebene mara baada ya hapo, kana kwamba huzuni ilikuwa foleni ya kupita. Nenda moja kwa moja kwenye maombi, wafiwa watajwe kwa majina, kisha neno. Watakaokuja kusema ibada imepoa watakuwepo, na mchungaji awe amekubaliana na timu mapema jibu litakuwa nini.

Umeme ukikatika usikimbilie jenereta. Mara moja kila miezi miwili zima mwenyewe, makusudi, wimbo mmoja tu wa kawaida, ngoma na makofi. Kama sauti ya kanisa inapanda, malezi yanakwenda. Ikishuka mpaka inasikika timu peke yake, rudi kwenye funguo na kwenye orodha ya nyimbo.

Mwisho wa huduma nao upangwe kama mwanzo. Mlawi alipofika miaka 50 aliacha kazi nzito, akabaki kuwasaidia ndugu zake katika ulinzi. Kwetu kiongozi hubaki mpaka sauti iishe au ugomvi uanze. Ampate mrithi miaka miwili kabla: miezi sita mrithi anaongoza wimbo mmoja, sita inayofuata nyimbo mbili na kupanga orodha pamoja, sita anaongoza ibada ya kwanza na mkubwa ya pili, sita ya mwisho mrithi anaongoza zote na mkubwa anaimba sauti ya tatu nyuma. Usimamizi wa kundi la WhatsApp, nywila za chaneli, funguo za stoo ya vyombo, na daftari la nyimbo vikabidhiwe siku moja mbele ya wazee. Kisha mkubwa akae kwenye viti vya waumini miezi mitatu kamili kabla mtu yeyote hajamuuliza maoni yake kuhusu ufunguo wa wimbo.